Siku moja na vyura wa Kihansi

Saa 11 alfajiri. Baridi ya milima ya Udzungwa, Tanzania, haina adabu. Chai ya rangi, muhogo wa jana, gambuti mguuni. Mzee ninayefanya naye kazi keshafika mlangoni: "Kamwene, kijana." Baada ya hapo kimya, maana njia ya kushukia korongoni inateleza.

Saa 1. Kabla ya kuingia, tunasugua gambuti kwa brashi na kuzichovya kwenye maji ya dawa. Wageni huona mbwembwe. Mwaka 2003 vyura walikufa hapa kwa wingi, na kuvu anayeshambulia ngozi zao akagundulika. Kuvu huyo husafiri hata kwa tope la kiatu.

Saa 2 mpaka saa 6 ni vinyunyizio tu. Zamani maporomoko ya mto Kihansi yalirusha manyunyu usiku na mchana, na kieneo hicho kidogo cha manyunyu ndiko pekee duniani alikoishi chura huyu, aliyegunduliwa 1996. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, korongo likakauka, siafu wakaingia. Ndipo yakaletwa mabomba ya kutengeneza ukungu. Leo vitatu vimeziba. Unafungua kichwa, unachokoa tundu kwa waya, linatoka jani lililooza kama uji, unapuliza, unarudisha, unasikiliza. Kikilia "shiii" bila kukatika, unahamia kingine. Kikikoroma, unaanza upya.

Saa 7. Kiporo cha wali, juu kidogo, penye mtandao. Binamu yangu wa mjini kaandika: "Hao vyura wenu bado wanakula hela zetu?" Namjibu kila mara: mitambo ya Kihansi ni ya megawati 180, na maji ni ya vyura. Nani anamdai mwenzake?

Saa 8. Tunaweka fremu ya mita moja kwa mita moja juu ya majani na kuhesabu kila kilichomo. Kaa mmoja. Konokono. Fremu ya sita, mzee ananishika bega. Kwenye jani lililolowa kakaa dume, rangi ya dhahabu, mstari wa kahawia ubavuni, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Jike lake halitagi mayai, huzaa vitoto kamili, kila kimoja kama punje ya mchele. Desemba 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York. Wazao wao wakarejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na tangu 2012 wakaanza kurudishwa humu. Huyu kwao kabisa. Karuka, kapotea. Naandika: 1.

Saa 11 jioni tunapanda. Maji haya yanateremka mpaka bonde la Kilombero, wanakolisha sheshe, aina ya swala, kisha mto Rufiji.

Nyuma yetu kinyunyizio cha tatu kimeanza kukoroma tena. Mzee kasema kesho tuje na waya mwembamba zaidi.