Kampuni ya treni iliyojitengenezea abiria

Wiki nzima hii nasoma habari za Hankyu, kampuni ya treni ya Japani, zile treni za rangi ya damu ya mzee zinazotoka Osaka kwenda Kobe, Kyoto na Takarazuka, na kadiri ninavyosoma ndo naona hawa watu treni ilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Reli yao ya kwanza ilifunguliwa 1910 na ilikuwa inapita mashambani huko, abiria wenyewe wa kuhesabu. Mwanzilishi wao Ichizo Kobayashi, aliyekuwa mfanyakazi wa benki ya Mitsui, akaona kama watu hawapo basi waletwe, akanunua ardhi kandokando ya reli, akajenga nyumba pale Ikeda akawauzia watu wa mishahara kwa kulipa kidogo kidogo miaka 10. Yaani ukishahamia pale kazini Osaka unaenda na nini? Na treni yake!

Halafu Takarazuka, mwisho wa reli. Wakaweka bafu za maji moto, wakajenga na bwawa la kuogelea la ndani, bwawa likafeli sababu maji yalikuwa baridi mno. Hawakulibomoa, wakalifunika mbao likawa sehemu ya kukaa watazamaji, na 1914 mabinti wakaanza kuimba na kuigiza humo. Kundi lipo mpaka leo, wote wanawake hata wanaoigiza wanaume. Kutoka huko huko ikazaliwa Toho mwaka 1932, ndo hao waliotoa filamu ya Godzilla 1954, mi hapa nilisimama kwanza nikavuta pumzi.

Timu ya besiboli nayo walikuwa nayo, Braves, wakaiuza 1988, alafu 2006 wakaungana na Hanshin, kampuni nyingine ya treni, wapinzani wao wa miaka mingi kwenye njia ya Osaka–Kobe, kwa hiyo sasa Tigers, timu ya besiboli ya Hanshin, na uwanja wake wa Koshien viko nyumba moja nao.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni wali. Mwaka 1929 walifungua duka kubwa la ghorofa hapohapo stesheni yao ya Umeda mjini Osaka, juu kuna mgahawa, wali kwa kari ndo ulipendwa sana. Uchumi ukaanguka, vijana wakawa wanakuja wanaagiza wali mtupu, wanachukua chupa ya sosi iliyopo mezani wanamwagia, wanakula. Sehemu nyingine wangefukuzwa. Kobayashi akaagiza libandikwe tangazo kwamba wateja wa wali mtupu wanakaribishwa, na alivyowaelezea wafanyakazi wake ni kwamba hawa leo hawana kitu, lakini kesho wataoa, watapata watoto, na siku wakitaka kuwatoa matembezi watakumbuka walikula wapi wakiwa hawana hela, watapanda treni warudi palepale na familia zao.