Solo naianzia mdomoni, gita baadaye

Watu wakiniuliza solo za muziki wa dansi nazinasaje bila mwalimu nikawaambia naanza kwa kuziimba, wanaona nawazingua. Sauti sina, majirani zangu hapa Tandika ni mashahidi, ila hakuna njia iliyonisaidia kama hii. Naweka wimbo wa zamani, wa bendi kama Sikinde au Msondo hivi, gita siligusi kabisa, nachukua kipande kifupi nakirudia kwa mdomo, tiriri tii tiriri, mpaka nijue mpigaji kavuta wapi, kaachia wapi, na pale alipochelewa makusudi ili ridhimu ipite kwanza. Mdomo ukishakishika, vidole vinajua vinatafuta nini, vinginevyo unabahatisha tu. Foleni ya jioni kwenye daladala inatosha kabisa kwa hiyo kazi, makonda wameshanizoea.

Nikifika home ndo nalishika, tena nakomaa na uzi mmoja, vidole viwili basi. Hapo hakuna kujificha kwenye mikao ya vidole uliyokariri, inabidi utembee shingo nzima na sikio likuambie noti iko wapi, na ukifika freti ya 12, yaani kile kijichuma cha 12 shingoni, unakuta sauti ileile ya uzi mtupu ila juu, kwa sababu pale ndo nusu ya urefu wa uzi. Wanaosema huo ni utoto wakamsikilize Django Reinhardt, mpiga gita wa jazz, aliungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika, solo zake akawa anazipiga na viwili vilivyobaki vizima. Wes Montgomery, naye mpiga gita wa jazz, piki, kile kidude cha kukwanyulia nyuzi, aliiweka pembeni akapiga kwa dole gumba, sasa nani atamwambia alikosea?

Umeme ukikatika naendelea gizani hivyohivyo, gita ni la boksi.

Halafu kipande kirefu huwa nakianza mwishoni. Nakamata noti za mwisho, zikikaa sawa naongeza zilizo kabla yake, hivyo hivyo narudi nyuma, kwa hiyo kila nikipiga naelekea sehemu ninayoijua, siyo ile ya kuanza na moto halafu katikati unazima. Skeli, yaani kupanda na kushuka noti kwa mpangilio, saa nzima kama wanavyohubiri YouTube mimi siwezi, nasinzia kweli. Wiki hii nipo kwenye sebene moja ya kasi, kile kipande cha wimbo ambapo gita linachezesha watu, mdomoni imeshakaa, ila kidole cha pete bado kinagoma.