Namna nilivyofika Kyoto na hesabu za umeme wa Unguja

Tangu nirudi kutoka Japani mkutanoni, vijana wa uhandisi hapa Unguja hawaachi kuniuliza: mtu wa Zanzibar, ambako hakuna hata kinu kimoja cha nyuklia, anakwenda kuwaambia nini wajenzi wa vinu? Mkutano wenyewe ni ICONE, wa kimataifa wa wahandisi wa nyuklia. Ulianzia Tokyo mwaka 1991, na huandaliwa na vyama vitatu: cha wahandisi mitambo wa Marekani, cha wenzao wa Japani, na Chama cha Nyuklia cha China. Wa thelathini ulifanyika Kyoto, Mei 2023, na ndio huo nilioingia mimi.

Mimi sikwenda na kinu. Nilikwenda na gridi, yaani mtandao mzima wa umeme. Wabunifu wa vinu wamejaa tele kule, na wana maabara ambazo sisi tunazisoma vitabuni tu. Lakini kukosa umeme kisiwa kizima, hilo nani atatufundisha? Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi. Disemba 2009 umeme wa waya wa baharini, ule unaotoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba ya kwetu, ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Aliyekuwa mjini wakati ule anakumbuka madumu ya maji yalivyopangwa foleni kwa sababu pampu zilikuwa zimelala, na majenereta yakinguruma Darajani kutwa kucha. Waya mwingine, wa megawati 100, ulikuja 2013.

Basi swali langu likawa: kisiwa kama hiki kinaweza kubeba kinu cha ukubwa gani? Wahandisi wa gridi wana kanuni ya jumla kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi nzima, maana ukizimika ghafla frikwensi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, inaporomoka na kuiburuza mitambo mingine. Chukua Akademik Lomonosov, kituo cha Warusi kinachoelea baharini pale Pevek, kilichoanza kuuza umeme Mei 2020. Kina vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja. Huko kwao huitwa vidogo. Kimoja tu ukikiunganisha na Unguja, umeshapita theluthi ya waya wetu wa megawati 100.

Ikisiri, ule muhtasari wa makala unaotangulia, haikunichukua muda. Kilichochukua muda ni takwimu za mzigo wa umeme, yaani umeme unaotumika kisiwani, saa kwa saa. Hizo huzipati kwa kuomba kwa simu. Nikawaandikia barua watu wa umeme, nikaambatanisha barua ya chuo, nikaeleza kwa sentensi mbili nitazifanyia nini na kwamba nitawaonesha makala kabla sijaituma. Nadhani hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Ofisi nyingi hazikatai takwimu, zinaogopa kuja kuzisoma gazetini. Anayetaka kuandika juu ya jambo la kwetu aanze na barua hiyo kabla hajagusa kompyuta.

Majibu ya wahakiki, wanaoipima makala kabla haijakubaliwa, yalikuja makali lakini ya haki. Mmoja alisema historia ya Zanzibar ni ndefu mno, akataka ipunguzwe. Mwengine akauliza: waya wa bahari ukikatika na kinu kikabaki peke yake na mzigo wa kisiwa, kitahimili? Nilijibu kila hoja chini ya maneno yao wenyewe, moja moja, na ukurasa nilioubadilisha nikautaja.

Viza ni suala la karatasi na subira. Ubalozi wa Japani uko Dar es Salaam, kwa hiyo ni boti ya alfajiri, kitambulisho cha Mzanzibari mkononi upate nauli ya mkaazi, na bahasha yenye barua ya mwaliko, barua ya mdhamini na ratiba ya kila siku utakayokaa huko. Ratiba hiyo waliisoma kweli.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Machi na Aprili, ndiyo ikawa miezi ya mazoezi. Baada ya tarawehe nilikuwa nawakusanya watu wa nyumbani ukumbini, natandika shuka nyeupe ukutani, natupia slaidi, nao wananisikiliza huku wakinywa uji wa pilipili manga. Nilisema Kiswahili kitupu. Shangazi aliuliza kama ndiyo lile bomu. Nikamwambia siyo, uranium ya mitambo hii hairutubishwi kufikia ya bomu. Akaridhika nusu.

Ami yangu, aliyekuwa akihudumia jenereta la nyumba ya wageni ile miezi mitatu ya giza, alinyamaza mpaka mwisho.

“Mwanangu, hicho kinu kikizimwa, moto wake unazimika?”

“Unapungua ami, hauzimiki. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki kama asilimia 6 ya joto lake. Baada ya siku nzima, kama nusu ya asilimia.”

“Na anaekuja kukipoza nani, na umeme hamna?”

Hapo nikaipangua mada yote. Swali lake likawa slaidi ya pili, mahali palipokuwa na ramani. Kwani kinu kinachohitaji gridi ili kipoe, ukikiweka kwenye gridi inayokatika, umejenga nini? Ndiyo maana vinu vipya vingi vidogo vimebuniwa kupoa kwa mzunguko wa asili wa maji, bila pampu. Na kwa kuwa nilikuwa nakwenda Japani, sikutaka kuitaja Fukushima, kituo chao cha nyuklia kilichopata ajali, kwa wepesi. Niliandika mstari mmoja: tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilikata umeme wa nje, tsunami ikazamisha majenereta ya dizeli. Wenyeji walijua yaliyobaki.

Kyoto yenyewe ilipita haraka. Ukumbi wangu ulikuwa mdogo na haukujaa. Maswali yote yalikuwa ya gridi, si ya kinu, na mhandisi mmoja aliyefanya kazi visiwani alinifuata nje kutaka modeli yangu, yaani hesabu za gridi nilizozitengeneza kwenye kompyuta. Nilimtumia usiku huohuo. Chakula kilinitaabisha zaidi kuliko maswali. Wali na samaki vipo kila pembe, ila michuzi lazima uiulize imetiwa nini.

Sasa nafanya hesabu za Pemba, inayopata umeme kutoka Tanga kwa waya wa 2010 wenye megawati 20. Asilimia 10 yake ni megawati 2, na hata eVinci, kinu kidogo sana ambacho kampuni ya Westinghouse inakibuni, kinalenga megawati 5. Kinu hakikai hapo, ndiyo maana makala hiyo nimeiandikia mkutano wa watu wa betri.