Msukuma chukudu katunyoosha
Wandugu, mashindano ya taifa ya nguvu za kiganja yamekwisha na vidole vyangu bado havikunjiki vizuri. Kile chuma cha springi cha kubana nilikiweza. Mtoto wa Goma aliyekua akibeba bidoni za maji ya Ziwa Kivu, kiganja chake kinajua kazi. Kilichonimaliza ni mpini mnene, kama ule wa dambeli maarufu ya Thomas Inch, mbabe wa zamani wa Uingereza, unene karibu sentimita 6. Hapo vidole havikutani, mzigo wote unaangukia kidole gumba, na changu kikafunguka. Aliyeshinda? Kijana wa mtaa wa Birere hapa Goma anayesukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mwembamba kabisa! Sisi wa jimu tukabaki kupiga makofi. Nimemwomba anifundishe. Sharti lake: nisukume gunia la viazi kwa chukudu hadi Kibumba, kaskazini mwa Goma. Kupanda!