Malaika Hakumkemea Eliya

Bwana asifiwe, wapendwa.

Saa tisa usiku. Mama ameketi kitandani, mtoto kamwegemea kifuani, na yeye anahesabu pumzi. Kile kifilimbi kinachotoka kifuani mwa mtoto mwenye pumu, mama yake hukisikia hata akiwa usingizini. Nimekaa hivyo miaka minne hapa Iringa, na baridi ya Juni na Julai mnaijua. Pumu hupenda usiku, kwa kuwa kuelekea alfajiri njia za hewa hubana zaidi.

Kilichoniuma kuliko kukesha ni mchana wake. Nilimfokea mtoto yuleyule niliyemlilia usiku. Nilisinzia ibadani. Machozi yalinitoka nikiosha vyombo. Dada mmoja akaniambia, kwa upendo kabisa, niongeze imani, nami nikarudi nyumbani nikiamini kuna mahali nimemkosea Mungu.

Wiki hii nimerudi 1 Wafalme 19. Nabii Eliya yuko chini ya mti wa mretemu, amechoka hadi anaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa ale: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Mara ya pili ndipo akaambiwa safari ni kubwa mno kwake, wala hiyo haikuwa lawama. Usingizi na chakula vilitangulia, mlima Horebu na ile sauti ya utulivu ya Mungu vikafuata.

Mkate wangu uliletwa na nesi wa kliniki. Alimtazama mtoto, kisha akaniuliza mimi, "Mama, wewe unalala?" Nikalia palepale. Akanieleza kwamba mtoto kuamka kila mara usiku ni dalili kuwa pumu haijadhibitiwa, si jambo la kuzoea. Sisi tulitegemea inhela ya buluu peke yake, ile ya kufungua kifua, kumbe alihitaji pia ya kuvuta kila siku ili kutuliza uvimbe ndani. (Nilikuwa nimetishwa kwamba atakuwa mtumwa wa dawa. Si kweli.) Jiko la mkaa likahamia nje, dawa ya mbu ya kuchoma tukaiacha, tukabaki na chandarua. Polepole usiku ukaturudia.

Maombi sikuacha. Lakini mama mwenzangu, ukiona mbavu zinavutwa ndani, midomo inabadilika rangi, au mtoto hawezi kumaliza sentensi, usisubiri kukuche. Kimbia hospitali, omba njiani.

Nanyi akina baba, shikeni zamu. Inhela na ile chupa yake ya kuvutia dawa si kazi ya mama tu. Mkono wowote uliofundishwa unaweza.

Katika jumuiya yetu yupo mama ambaye macho yake yanafanana na yangu ya wakati ule. Jumamosi saa nane mchana nitakwenda kwake na chungu cha maharage. Mtoto nitakaa naye mimi. Yeye atafunga mlango, alale.