Dawa ya kusafishia filamu isiyoharibika upesi

Nasafisha filamu za nyeusi na nyeupe kwa nadra, kwa hiyo dawa ya D-76 niliyokwisha kuichanganya ilikuwa inaharibika kabla sijaimaliza. Hata chupa ikijaa pomoni, hudumu takriban miezi 6 tu. Nikahamia Rodinal, dawa iliyoanza kutengenezwa mwaka 1891. Hii hukaa miaka, hata ikigeuka rangi kama chai ya rangi. Nachukua sehemu 1 ya dawa kwa 50 za maji, natumia mara moja, namwaga. Filamu ya FP4 Plus katika nyuzi 20 za Selsiasi huchukua dakika 15.

Chembechembe za picha zitaonekana zaidi, hasa kwenye filamu ya HP5 Plus, kwa kuwa Rodinal haina sulfaiti nyingi ya kuzilainisha kama D-76. Mimi nazipenda, kingo za vitu hutoka kali. Asiyezitaka abaki na filamu za kasi ndogo (zenye ISO ya chini).