Ekstensheni imeungua, sakiti breka haijakata: kwa nini?

Plagi imebadilika rangi, tundu moja la ekstensheni limeyeyuka, chumba kinanuka plastiki, na ukienda kwenye bodi unakuta swichi zote ziko juu. Wengi husema umeme ulikuja mkubwa. Mara nyingi kosa ni skrubu iliyolegea.

Wati ukigawa kwa volti unapata ampea. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, kwa hiyo birika la wati 2,000 linavuta ampea 8.7. Joto la kiungo chochote, yaani mahali waya unapobanwa na skrubu, ni ampea mara ampea mara ukinzani wake (jinsi kinavyozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu). Kiungo kilichokazwa vizuri kina ukinzani mdogo mno. Kikilegea, shaba ikaota kutu na ukinzani ukafika nusu omu, piga hesabu: 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu wati 38. Hilo ni joto la balbu ya zamani ya wati 40, limebanwa kwenye skrubu moja ndani ya plastiki! Sakiti breka haitakata, kwani yenyewe inaangalia ampea, na ampea hazijazidi.

Kuzidisha mzigo ni jambo jingine. Birika pamoja na pasi ya wati 1,200 ni karibu ampea 14. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi inaweza kuzibeba kwa saa nyingi bila kukatika, huku waya wa milimita za mraba 0.75, ambao uwezo wake ni ampea 6, ukiiva. Kabla hujalipa dukani, soma maandishi kwenye ganda la waya: tafuta 1.25 au 1.5. Na usiutumie ukiwa umeviringishwa, joto linakosa pa kutokea.

Kufunga plagi upya: kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa, menya kama milimita 7, sokota nyuzi, kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Waya wa kahawia unaingia kwenye skrubu yenye herufi L, wa bluu N, wenye kijani na njano E (ethi). Wa ethi uache mrefu kidogo ili plagi ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Nyuzi usizipake lehemu: skrubu inaikandamiza, inabonyea polepole, kiungo kinalegea tena.

Tundu lililoyeyuka usihangaike nalo. Chuma chake kikishaungua hakibani tena, hata ukibadilisha plagi. Nunua ekstensheni nyingine.